Pemba Ipi? Somo la Ramani na Kimbunga



Tuseme unakaa Kilwa. Dada yako ameolewa Chake Chake, katika kisiwa cha Pemba. Ni mwezi wa Aprili, mwaka 2019. Unafungua redio jioni na unasikia kwamba kimbunga kimepiga karibu na Pemba. Nyumba zimebomoka. Watu wamekufa. Moyo wako unakwenda mbio. Usiku huo hulali.

Sasa tuseme mtu mwingine anakaa kijiji kimoja karibu na Mtwara. Siku mbili kabla, naye amesikia jina hilo hilo katika habari za kimbunga. Anasema, "Pemba ni mbali, ni huko kwenye karafuu. Haituhusu." Anakwenda shambani kama kawaida.

Watu hawa wawili wamekosea wote wawili. Wa kwanza ameogopa bure. Wa pili amestarehe wakati hatari iko karibu naye. Kosa lao ni moja: hawakuuliza, "Pemba ipi?"

Ziko Pemba mbili. Moja ni kisiwa cha Tanzania, kaskazini ya Unguja. Nyingine ni mji wa Msumbiji, kusini ya mto Ruvuma. Kimbunga cha mwaka 2019, kilichoitwa Kenneth, kilipiga karibu na Pemba ya Msumbiji.

Umejifunza kusoma. Unaweza kulisoma neno "Pemba". Lakini neno peke yake halikuonyeshi mahali. Kinachoonyesha mahali ni ramani. Katika somo hili utachora ramani mbili kwa mkono wako. Ya kwanza ni ya pwani yetu na bahari yake. Ya pili ni ya kijiji chako. Tayarisha karatasi ya daftari, penseli na rula.

1. RAMANI NI NINI?

Ramani ni picha ya nchi kama inavyoonekana kutoka juu. Kunguru akiruka juu ya kijiji haoni kuta za nyumba wala milango. Anaona mapaa, njia, mto na mashamba. Ramani huchorwa hivyo hivyo.

Ramani nzuri ina mambo manne:

(a) Jina. Jina hueleza hii ni ramani ya mahali gani.
(b) Dira. Dira huonyesha upande wa kaskazini.
(c) Kipimio. Kipimio hueleza sentimeta moja ya ramani ni sawa na umbali gani katika nchi yenyewe.
(d) Ufunguo. Ufunguo hueleza maana ya alama zilizotumika.

2. PANDE NNE

Asubuhi simama ukitazama jua linapochomoza. Mbele yako ni mashariki. Nyuma yako ni magharibi. Mkono wako wa kushoto ni kaskazini. Mkono wako wa kulia ni kusini.

Wavuvi wanazijua pande hizi kwa pepo. Upepo wa kaskazi hutoka kaskazini. Upepo wa kusi hutoka kusini.

Katika ramani nyingi, kaskazini huwa juu ya karatasi na kusini huwa chini. Mashariki huwa kulia na magharibi huwa kushoto. Basi ukitazama ramani ya Tanzania, Tanga iko juu na Mtwara iko chini. Bahari iko kulia.

3. CHORA RAMANI YA PWANI YETU

Fuata hatua hizi polepole. Usiende hatua ya pili kabla hujamaliza ya kwanza.

Hatua ya kwanza. Chora mraba wenye sentimeta 15 kila upande. Juu yake andika jina: PWANI YETU NA BAHARI YA HINDI.

Hatua ya pili. Ugawe mraba kwa mistari ya kulala. Mstari wa juu kabisa uandike 5. Shuka sentimeta 5, chora mstari, andika 10. Shuka tena sentimeta 5, chora mstari, andika 15. Mstari wa chini kabisa uandike 20.

Namba hizi ni nyuzi za kusini. Ikweta ni 0, nayo iko juu, nje ya karatasi yako. Kadiri unavyokwenda kusini, namba inakuwa kubwa zaidi. Mistari hii ya kulala huitwa latitudo.

Hatua ya tatu. Sasa chora mistari ya kusimama. Mstari wa kushoto kabisa uandike 35. Kila baada ya sentimeta 5 chora mwingine: 40, 45, na wa mwisho kulia 50.

Namba hizi ni nyuzi za mashariki. Huhesabiwa kuanzia Greenwich, mjini London. Kadiri unavyokwenda mashariki, namba inakuwa kubwa zaidi. Mistari hii ya kusimama huitwa longitudo.

Sasa kila sentimeta moja katika ramani yako ni uzi mmoja. Uzi mmoja ni karibu kilomita 110. Andika chini ya mraba: Sentimeta 1 ni karibu kilomita 110. Hicho ndicho kipimio chako.

Hatua ya nne. Tia nukta kwa kila mahali palipotajwa hapa chini. Namba ya kwanza ni ya kusini, yaani ya kushuka. Namba ya pili ni ya mashariki, yaani ya kwenda kulia.

Tanga: 5 na 39
Kisiwa cha Pemba: 5 na 40
Dar es Salaam: 7 na 39
Kisiwa cha Mafia: 8 na 40
Mtwara: 10 na 40, lakini chini kidogo ya mstari
Moroni, katika kisiwa cha Ngazija, Komoro: 12 na 43
Ncha ya kaskazini ya Madagaska: 12 na 49
Mji wa Pemba, Msumbiji: 13 na 40 na nusu
Kisiwa cha Msumbiji: 15 na 41
Mji wa Quelimane, Msumbiji: 18 na 37
Mji wa Beira, Msumbiji: 20 na 35

Hatua ya tano. Unganisha nukta za pwani kwa mstari: kutoka Tanga hadi Dar es Salaam, Mtwara, Pemba ya Msumbiji, Kisiwa cha Msumbiji, Quelimane, mpaka Beira. Usiunganishe Pemba ya Tanzania, Mafia, Moroni wala Madagaska, maana hizo ziko baharini. Madagaska ni kisiwa kikubwa sana. Kinaanzia kwenye ile ncha na kushuka kusini mpaka nje ya karatasi.

Hatua ya sita. Kulia mwa mstari wa pwani andika BAHARI. Kushoto andika NCHI KAVU. Pembeni chora mshale unaoelekea juu, andika K. Hiyo ni kaskazini.

Sasa tazama kazi yako. Weka rula juu ya Pemba ya kwanza, upime mpaka Pemba ya pili. Utapata karibu sentimeta 8. Zidisha 8 kwa 110. Jibu ni 880. Basi kutoka Pemba mpaka Pemba ni karibu kilomita 880.

Pima tena kutoka Mtwara mpaka Pemba ya Msumbiji. Utapata chini ya sentimeta 3. Ni karibu kilomita 300 tu. Je, umeona sasa kosa la yule mtu wa Mtwara?

4. NJIA YA KIMBUNGA KENNETH

Kimbunga huzaliwa baharini, mahali penye maji ya vuto la joto. Hewa yenye unyevu hupanda juu, mawingu hukusanyika, na upepo huanza kuzunguka. Kimbunga hicho hakikai mahali pamoja. Husafiri. Kikifika nchi kavu hukosa maji ya bahari ya kukilisha, nacho huanza kufa. Lakini kabla ya kufa huweza kufanya madhara makubwa.

Karibu sana na Ikweta vimbunga ni nadra, kwa sababu huko upepo haupati mzunguko wa kutosha. Ndiyo maana watu wa Msumbiji na Madagaska wanavijua vimbunga kuliko watu wa Tanga. Majira yake katika upande wetu wa bahari ni hasa kuanzia Novemba hadi Aprili.

Sasa chukua penseli tufuate njia ya Kenneth.

Kimbunga kilipita kaskazini ya Madagaska. Tia alama ya msalaba juu kidogo ya ile ncha. Tarehe 24 Aprili 2019 kilipita karibu na Ngazija, upande wa kaskazini. Tia msalaba juu kidogo ya Moroni. Tarehe 25 Aprili kilifika pwani ya Msumbiji, kaskazini ya mji wa Pemba. Tia msalaba pwani, kwenye mstari wa 12. Unganisha misalaba hiyo mitatu.

Tazama mstari wako. Unatoka mashariki kwenda magharibi na unashuka kidogo kuelekea kusini. Zaidi ya watu 40 walikufa Msumbiji. Nyumba nyingi ziliharibika katika kisiwa cha Ibo na wilaya ya Macomia.

Kabla ya siku hiyo, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imewatahadharisha watu wa Mtwara na Lindi. Kimbunga hakikupiga Mtwara. Basi mtu anaweza kusema, "Tulihangaishwa bure. Safari nyingine sitasikiliza."

Kabla hujakubaliana naye, weka rula kwenye ramani yako. Pima kutoka msalaba wa mwisho mpaka Mtwara. Ni chini ya sentimeta 2. Ni kama upana wa kidole gumba. Kimbunga kilisafiri mbali baharini. Kama kingepinda kidogo tu njiani, kingeifikia Mtwara. Wanaotoa tahadhari hawawezi kungoja mpaka kimbunga kifike ndipo waseme. Hapo ingekuwa wamechelewa.

Tahadhari ambayo haikutimia si uongo. Ni bahati njema. Mshukuru Mungu, na safari nyingine usikilize tena.

5. KIMBUNGA SI NUKTA

Umetia misalaba kuonyesha kimbunga. Lakini usidanganyike. Msalaba ni katikati yake tu. Kimbunga chenyewe ni kipana. Mvua yake na upepo wake huweza kuenea mamia ya kilomita.

Chora duara kuzunguka msalaba wa mwisho. Duara liwe na sentimeta moja kila upande wa msalaba. Hizo ni kilomita 110 kila upande. Kila kijiji kilichomo ndani ya duara kinaweza kupata taabu, hata kama hakikutajwa kwa jina.

Jambo jingine la kukumbuka: katikati ya kimbunga chenye nguvu kuna mahali patulivu. Huitwa jicho. Likipita juu yako, upepo hukoma ghafla. Mtu huona hatari imekwisha, akatoka kutafuta mbuzi wake. Baada ya muda upepo hurudi kwa nguvu kutoka upande mwingine. Basi usitoke mpaka utangaziwe kuwa ni salama.

6. HESABU YA SAA

Hili ni zoezi tu. Kimbunga hiki hakikutokea. Tumekitunga ili ujifunze.

Jumatatu saa 12 asubuhi redio inasema kimbunga kiko nyuzi 10 kusini na nyuzi 48 mashariki.
Jumanne saa 12 asubuhi kiko 10 na 45.
Jumatano saa 12 asubuhi kiko 10 na 42.

Tia nukta hizo tatu. Kimbunga kinakwenda upande gani? Kinakwenda magharibi. Mbele yake kuna mji gani? Kuna Mtwara.

Kila siku kimesafiri sentimeta 3. Zidisha 3 kwa 110. Ni kilomita 330 kwa siku moja, yaani kwa saa 24. Sasa kimebakiza sentimeta 2 kufika Mtwara. Ikiwa sentimeta 3 ni saa 24, basi sentimeta 1 ni saa 8. Sentimeta 2 ni saa 16. Hesabu saa 16 kuanzia saa 12 asubuhi ya Jumatano. Katikati ya kimbunga itafika saa 4 usiku.

Je, una nafasi mpaka usiku? Hapana. Kumbuka lile duara. Ikiwa upepo mkali umeenea sentimeta moja mbele ya nukta, basi utaanza kukufikia baada ya saa 8 tu. Itakuwa saa 8 mchana. Mvuvi akitoka asubuhi hiyo, upepo utamkuta baharini. Mwenye kungoja jioni ndipo ahamishe watoto, amechelewa.

Tena kimbunga huweza kuongeza mwendo au kupinda. Hesabu yako haishindi tangazo la wataalamu. Kazi yake ni kukusaidia kulielewa tangazo hilo na kuanza kujitayarisha mapema.

7. MAJI HUUA KULIKO UPEPO

Usiku wa tarehe 14 Machi 2019, wiki chache kabla ya Kenneth, kimbunga kingine kiitwacho Idai kilipiga Beira. Tafuta Beira kwenye ramani yako. Iko pembeni kabisa, chini upande wa kushoto. Upepo ulibomoa sehemu kubwa ya mji. Kisha mvua ikaendelea siku nyingi. Mito ya Buzi na Pungwe ikafurika, na nchi tambarare ikawa kama bahari. Watu walikaa juu ya mapaa na juu ya miti wakingoja kuokolewa. Msumbiji peke yake ilipoteza watu zaidi ya 600. Zimbabwe na Malawi nazo ziliomboleza, ingawa hazina bahari.

Usidhani mambo haya ni ya wenzetu tu. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja. Kilizamisha majahazi bandarini na kung'oa mikarafuu mingi sana. Kisiwa cha Pemba kilisalimika zaidi, na baada ya hapo ndicho kikawa kitovu cha karafuu. Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi. Na tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Kilikuwa kimepungua nguvu, na upepo wake haukufanya madhara kama ya Beira. Lakini mvua yake ilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika wilaya ya Kilwa. Magari na abiria wakakwama. Tena ilikuwa Mei, mwezi ambao wengi wanaona majira yamekwisha.

Ramani ya pwani inakuambia kimbunga kinakwenda wapi. Haikuambii maji yatapita wapi kijijini kwako. Kwa hiyo unahitaji ramani ya pili.

8. RAMANI YA KIJIJI CHAKO

Kazi hii mfanye darasa zima, na waalikeni wazee.

Anzeni kuchora chini, kwenye uwanja uliofagiwa, si kwenye karatasi. Tumieni kijiti kuchora mto. Tumieni majivu kuonyesha njia, mawe kuonyesha nyumba, na majani kuonyesha mashamba. Ramani ya chini ina faida yake. Bibi ambaye hajawahi kushika penseli anaweza kusogeza jiwe na kusema, "Hapana, nyumba ile iko ng'ambo ya kijito." Mkishakubaliana, ndipo mnakili kwenye karatasi kubwa.

(a) Wekeni dira. Tazameni jua, mwonyeshe kaskazini.

(b) Pimeni kwa miguu. Mtu mmoja atembee kutoka shule hadi kisimani akihesabu hatua. Tumieni kipimio hiki: sentimeta 1 ni hatua 100. Kama ni hatua 700, basi chora sentimeta 7.

(c) Onyesheni maji. Chora mto, vijito na makorongo, hata yale yaliyokauka. Waulizeni wazee, "Mwaka wa mafuriko makubwa maji yalifika wapi? Yalifika mlango wa nani? Yalitangulia kuingia upande gani?" Chora mstari mahali maji yalipofika. Huu ndio mstari muhimu kuliko yote katika ramani yenu. Kila nyumba iliyo ndani ya mstari huo iko hatarini, hata kama imejengwa kwa matofali na bati.

(d) Onyesheni watu wanaohitaji msaada. Tia alama kwenye nyumba za wazee wasioweza kutembea, wagonjwa, vipofu, akina mama wajawazito, na wenye watoto wachanga.

(e) Onyesheni mahali pa kukimbilia. Iwe kwenye mwinuko, na penye jengo imara kama lipo.

(f) Onyesheni njia ya kwenda huko.

Hapa fikirini sana. Tuseme kijiji chenu kina vilima viwili. Kilima cha kwanza kiko sentimeta 6 kutoka kitongoji cha bondeni. Kilima cha pili kiko sentimeta 11. Mtakimbilia kipi? Wengi watasema cha kwanza, maana ni hatua 600 tu na kile cha pili ni hatua 1,100. Sasa fuateni njia kwa kidole. Njia ya kilima cha kwanza inavuka kijito juu ya daraja la miti. Siku ya mafuriko daraja hilo ndilo litakalokwenda kwanza. Njia ya kilima cha pili haivuki maji popote. Basi iliyo ndefu ndiyo salama.

Katika siku ya jua huwezi kuliona jambo hili, kwa sababu kila siku unavuka kijito bila kulowa magoti. Ramani ndiyo inayokuonyesha leo taabu ya kesho.

Mkimaliza, andikeni ufunguo. Mfano:

Duara ni kisima.
Mraba ni nyumba.
Mraba wenye msalaba ni nyumba ya mtu wa kusaidiwa.
Mistari miwili ni barabara.
Mstari wa nukta nukta ni mwisho wa maji ya mafuriko.
Pembetatu ni mahali pa kukimbilia.

Kisha kaeni na mwenyekiti wa kitongoji mgawane kazi. Kila mraba wenye msalaba upewe watu wawili wenye nguvu. Andikeni majina yao. Nani atamchukua bibi? Nani atakwenda kwa yule mama aliyejifungua juzi? Msiseme "sisi sote tutasaidia". Kazi ya wote mara nyingi huwa haina mwenyewe.

Bandikeni ramani mahali ambapo watu wote wanaiona. Ikaguliwe kila mwaka kabla ya mvua. Nyumba mpya hujengwa, njia huhama, na wagonjwa huongezeka. Ramani ya zamani inaweza kumpeleka mtu pabaya.

9. MASWALI

1. Taja mambo manne yaliyo katika ramani nzuri.
2. Ukitazama jua linapochomoza, kusini iko mkono gani?
3. Katika ramani yako, ni Pemba ipi iliyo karibu zaidi na Mtwara? Iko umbali gani?
4. Kimbunga kiko nyuzi 12 kusini na nyuzi 45 mashariki. Tia nukta. Kiko upande gani wa Moroni? Ni umbali gani?
5. Kimbunga cha swali la 4 kinasafiri kilomita 220 kwa siku. Kikienda moja kwa moja, kitafika Moroni baada ya siku ngapi?
6. Kwa nini si haki kusema kwamba watu wa Mtwara walihangaishwa bure mwaka 2019?
7. Upepo umekoma ghafla katikati ya kimbunga. Utafanya nini? Kwa nini?
8. Kwa nini njia fupi si lazima iwe njia salama?

Jibu la swali la 4: Kiko mashariki ya Moroni, karibu kilomita 220.
Jibu la swali la 5: Baada ya siku moja.

10. KAZI YA NYUMBANI

Leo jioni kaa na watu wa nyumbani kwako. Waonyeshe ramani ya pwani. Mwulize kila mmoja, "Pemba ziko ngapi?" Kisha waulize swali kubwa zaidi: "Maji yakija usiku, tunatoka kwa mlango upi, tunashika njia ipi, na nani anambeba babu?"

Kama kila mtu ana jibu lake, basi nyumba yako haina mpango bado. Chukueni penseli mchore njia moja. Kesho asubuhi itembeeni njia hiyo kwa miguu, wote, mpaka mwisho wake.

Wazee walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Sasa wewe unaweza kuyajua mawingu hata kabla hujayaona, yakiwa bado mbali baharini, kwa namba mbili tu na penseli.